Kwa Heshima ya configure, Muulizaji Asiyechoka

Ametukanwa vya kutosha. Butembo ametukanwa kwa Kinande na kwa Kiswahili. Vyuoni ametukanwa kwa Kifaransa chenye sarufi safi. Na waliowahi kukaa Kisangani wamemwongezea Kilingala, maana yako matusi ambayo lugha nyingine huyapunguzia makali. Kosa lake ni kuuliza. Anauliza mengi, anauliza polepole, na akikosa jibu moja tu analolitaka anaacha kazi palepale na kukuachia mstari mmoja wa lawama. Jina lake ni configure, na hata herufi kubwa ya kuanzia hakupewa. Nimesubiri atokee wa kumtetea. Hakutokea. Basi leo nasimama mimi, hapa Beni, mashariki mwa Kongo, na malipo sidai.

Kwa ambaye hajakutana naye: programu nyingi huria hazisafiri zikiwa tayari kutumika. Husafiri kama msimbo, maandishi matupu yaliyofungwa ndani ya faili moja la tar.gz, na mashine yako ndiyo inayotakiwa kuyageuza kuwa programu. Ndani ya furushi hilo mna skripti. Unaandika ./configure, unabonyeza, na mahojiano yanaanza. Kompaila ipo? Ipo, lakini inafanya kazi kweli? Programu inazotoa, majina yake yanaishia na nini? Namba nzima kwenye mashine hii inachukua baiti ngapi? Katika namba ndefu, baiti gani inatangulia? Maktaba ya kubana mafaili ipo? Ipo, lakini ni mpya au ni ile ya zamani? Kila swali mstari wake, kila mstari jibu lake, mara nyingi "yes" au "no". Maswali mia mbili, mia tatu, na programu kubwa huvuka hapo.

Wakazi wa Beni wana haki ya kuchoshwa na maswali. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo msafiri wa barabara ya Butembo alikwisha kuzoea kutaja jina lake, atokako na aendako. Bwana wangu huyu anahoji mashine, hahoji mtu, na akimaliza hanyooshi kiganja.

Na mashine zetu, tuseme ukweli, zinastahili kuhojiwa. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua njia ya Dubai na Guangzhou kama wanavyoijua ya Lubero. Mzigo unashuka Mombasa, unapita Uganda, unavuka mpaka Kasindi, na ndani yake, kati ya vitenge na vipuri vya pikipiki, zimo kompyuta ambazo ofisi za Ulaya zilikwisha kuzistaafisha. Ukiingia katika chumba kimoja cha kuchapia barua na kutoa fotokopi utakuta Pentium 4 yenye Windows XP, Core 2 Duo yenye Windows 7, na kompyuta ya mkononi iliyoachwa na mradi fulani ikiwa na Debian ambayo hakuna anayekumbuka nenosiri lake. Pembeni kuna kijana mwenye Tecno na Termux, amegeuza simu kuwa Linux kwa sababu kompyuta hana. Mtu anayeandika programu Helsinki au California hawezi kukiota chumba hicho. configure naye hakioti. Anafika, anakisoma.

Hebu nitaje ukoo wake, kama adabu ya kusifu inavyotaka. Alizaliwa katika ugomvi. Miaka ya 1980 Unix ilikuwa imegawanyika nyumba nyingi: BSD upande mmoja, System V upande mwingine, na kila kampuni na yake, SunOS, HP-UX, AIX, Ultrix, zote zikidai kuwa ndizo halali. Programu iliyokubali hapa ilikataa pale kwa sababu ya faili moja lililowekwa kwenye folda nyingine. Mwaka 1984 Larry Wall alitoa programu yake ya rn pamoja na skripti ya kuuliza maswali, iliyoitwa Configure. Huyo ndiye mzee wa ukoo, na yeye herufi kubwa alipata. Mwaka 1991 David MacKenzie, akiwa na mafurushi mengi ya GNU ya kutunza, alichoka kuandika maswali yaleyale kwa mkono, akaunda Autoconf, chombo kinachomwandika configure. Kinatumia m4, lugha ya Kernighan na Ritchie ya mwaka 1977, ambayo wanaoipenda wanatosha kwenye teksi moja, hata ile ya Beni inayobeba watu wawili kiti cha mbele.

Katika mahojiano yote, swali ninalolipenda zaidi ni lile la utambulisho. Hilo analiachia msaidizi wake, config.guess, naye hurudi na jina refu: prosesa, mtengenezaji, mfumo endeshi. i686-pc-linux-gnu. x86_64-pc-linux-gnu. armv7l-unknown-linux-gnueabihf. Mgeni ataona takataka. Mnande ataona nyumbani. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ukilisikia jina umeshajua ana kaka wangapi juu yake kabla hujamuuliza habari za shamba. Sasa tazama nyumba ya Intel. 8086 wa mwaka 1978 ndiye Paluku. (80186 alizaliwa pia, lakini akaenda kufanya kazi ndani ya vifaa vingine, mezani hakuonekana sana.) 286 wa 1982 ni Kambale, 386 wa 1985 ni Kasereka, 486 wa 1989 ni Kakule. Ilipofika 1993 wazazi walikuwa wametambua kwamba namba haiwezi kulindwa kama alama ya biashara, wakampa mtoto wa tano jina la mjini: Pentium. configure hakubabaika. Kwake huyo ni i586, Katembo, akae kwenye nafasi yake. Akaja Pentium Pro mwaka 1995, i686, Mbusa. Na tangu hapo Celeron, Pentium 4 na wengine wa biti 32, hata wavae majina gani ya dukani, kwake wote wanaitika kwa jina la Mbusa. Wa biti 64 alizaliwa kwa jirani, AMD, mwaka 2003, ndiyo maana Debian mpaka leo inamwita amd64 hata anapolala nyumbani kwa Intel.

Ile sehemu ya pili ya jina, ya mtengenezaji, mara nyingi inasema unknown. Watu wanaiona kama dharau. Mimi naiona kama uungwana, maana mashine iliyounganishwa Butembo kwa vipuri vya mashine tano, ukisema mtengenezaji wake ni fulani, umesema uongo.

Hasadiki uvumi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Chukua zile simu za bei nafuu ambazo sanduku lake linajisifu kwa prosesa ya biti 64, kumbe Android iliyowekwa ndani ni ya biti 32. Muuzaji amesema 64. Mnunuzi amesema 64. configure hasemi kitu. Anatunga programu ndogo, anaikabidhi kwa kompaila, anapima anwani ya kumbukumbu inachukua baiti ngapi, anapata nne, anaandika nne. Zingekuwa nane, angeandika nane. Ndivyo anavyofanya kwa karibu kila swali: haulizi mfumo unaitwaje kisha akakisia uwezo wake kwa jina, anajaribu kazi yenyewe aone kama inakwenda. Kuna mashirika makubwa yaliyokuja mikoa yetu na vitabu vinene vya mipango bila kuwahi kufika kwenye hekima hiyo.

Halafu kuna suala la saa. Mwanzoni kabisa mwa mahojiano, configure hukagua kama mazingira ya kujengea yana akili timamu. Mwanafunzi anacheka. Asicheke. Ukaguzi huo unaumba faili jipya na kutazama kama ni jipya kuliko yale yaliyokuja ndani ya furushi. Huku kwetu umeme unakatika, gurupu, yaani jenereta, inaishiwa mafuta, na ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, CR2032, ilikufa zamani bila mtu kuizika. Mashine ikiwaka tena inaamini kuwa ni Januari ya mwaka BIOS yake ilipoandikwa, tuseme 2009. Faili lililoundwa sasa hivi linakuwa na umri wa miaka mingi kuliko msimbo ulioandikwa mwaka jana. configure anaona mtoto aliyemtangulia mama yake, anagoma, na anakuambia waziwazi uangalie saa yako. Mashine hiyohiyo inafungua Word kila siku, inachapa barua zenye tarehe za ajabu, kivinjari chake kinalalamika kuhusu vyeti vya usalama bila kueleza kwa lugha inayoeleweka, na hakuna aliyetambua kwamba shida ni betri isiyofika hata dola moja. Mgonjwa amepimwa na asiye daktari.

Nikifika kwenye unyenyekevu wake nahitaji kupumua kidogo. Ukimwacha configure peke yake, anaiambia kompaila itumie -g na -O2, basi. Hamwagizi mtu akamue prosesa mpaka tone la mwisho. Programu inayotoka hapo itakwenda karibu kila mashine ya ukoo ule. Lakini kila chuo kina kijana mmoja aliyesoma mahali kwamba kuna -march=native, agizo ambalo GCC ililipata katika toleo la 4.2 mwaka 2007, linalomaanisha: tumia kila ujuzi wa prosesa hii iliyo mbele yako. Anaijenga programu kwenye Core i5 ya mwalimu. Inakimbia! Anaitia kwenye flashi, anapanda pikipiki, anaipeleka kwa mjomba mwenye Core 2 Duo, anaiita, na mashine inajibu kwa maneno mawili: Illegal instruction. Hakuna virusi, wala hakuna mchawi. Kompaila ilitumia maagizo ya AVX, ambayo Intel ilianza kuyauza mwaka 2011, na prosesa ya mjomba ni ya 2006. Imepewa amri ya neno ambalo halijawahi kuwepo kichwani mwake. Kijana atamlaumu configure. configure hakusema lolote.

Anayetaka kuona kinyume cha configure asiende mbali. Kule Luviro, katika teritwari ya Lubero, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa mto kuchimba bitcoin, na makontena yakajaa mashine zenye chipu inayojua hesabu moja tu, SHA-256. Chipu hiyo huwezi kuiuliza kama ina maktaba ya kubana mafaili. Haina mfumo wa kuchagua, haina programu ya kuihamishia, haisomi barua, haichapi hati ya shule. Inakokotoa ile hesabu mchana na usiku, na bei ikishuka inakuwa chuma. Ni kifaa cha haraka kuliko vyote vilivyowahi kuingia Lubero, na mazungumzo nacho hayapo.

Tuseme sasa juu ya wapinzani. Java ilikuja mwaka 1995 na ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itakwenda popote. Ilikwenda popote palipokuwa na Java ya toleo sahihi na kumbukumbu ya kutosha. Docker ya mwaka 2013 inasema usiihoji mashine, beba mashine yako nzima ndani ya boksi. Sawa, lakini boksi lina mamia ya mega, na hapa mega zinanunuliwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inauliza swali moja la kimsingi, kama una TPM 2.0 na prosesa ya juzi, na ukijibu hapana inakuonyesha mlango. Linganisha na huyu mzee. Amekuja amekunjwa ndani ya furushi lenyewe. Hahitaji Autoconf iliyomwandika. MacKenzie alitaka iwe hivyo tangu mwanzo. Anahitaji shell ya kawaida na zana zake ndogo, kompaila na make, basi. Intaneti hamuulizi mtu. Furushi la tar.gz lililopakuliwa Kampala linaweza kufika Mutwanga mfukoni na kujengwa huko siku ambayo mtandao wote umelala.

Wala hii si michezo ya vijana tu. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wagonjwa wa kwanza wakiwa Mangina, hapo jirani, ukaingia Beni, ukaingia Butembo na Katwa, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Wanasayansi wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kibiolojia, walisoma jenomu 744 za virusi vile ili kufuatilia maambukizi yalivyopita kutoka mtu hadi mtu. Kazi ya namna hiyo, popote duniani, inafanywa kwa programu huria kama samtools, na mpaka leo ukichukua msimbo wa samtools mlangoni utamkuta nani? Amekaa, anakusubiri na maswali yake.

Sifichi kasoro zake. Kasoro zake nazo zina uzuri. Ni msemaji sana: maelfu ya mistari ya skripti kuuliza kama kuna faili la stdio.h, ambalo halijakosekana tangu baba yangu akiwa kijana. Anajihadhari na Ultrix iliyokwisha kufa. Akiwa wa furushi la zamani, config.guess wake hajasikia habari za aarch64, na akikutana na simu ya kisasa anakiri kuwa hawezi kukisia, mpaka umletee toleo jipya la msaidizi. Autoconf yenyewe ilikaa kutoka 2012 mpaka Desemba 2020 bila toleo kamili jipya, utulivu ambao serikali nyingi zingeutamani. Kwenye Windows bila kitu kama MSYS2 au Cygwin haongei kabisa. Na kwa kuwa mashine za Dubai zina kibodi ya QWERTY huku wengi wetu tumeziwekea mpangilio wa Kifaransa, anayeandika kwa kutazama vibao badala ya ./configure anapata :!configure, na baadaye badala ya make anapata ,qke. Hilo si kosa lake, lakini ndiye anayetukanwa.

Kasoro moja tu ni ya kweli, nayo ni kwamba hakuna anayemsoma. Mwaka 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amejipatia imani ya mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, kwa muda mrefu, aliingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ufunguo wake aliuficha wapi? Katika faili la m4 linalomlisha configure, ndani ya furushi la kusambazwa tu, kwa hesabu sahihi kabisa kwamba hakuna binadamu anayefungua vitu vile. Tarehe 29 Machi Andres Freund alitangaza alichokigundua, baada ya kuona kuingia kwa ssh kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Tamu ya hadithi iko hapa: mwizi naye alimtegemea bwana wangu. Kabla ya kufanya lolote, skripti aliyoificha ilitazama jina la mashine, na kama si x86_64 au si Linux ilijiondokea kimya. Mbusa wetu wa Butembo, na biti zake 32, angepita salama. Na katika mfumo mwingine wa usanidi, CMake, mtu huyohuyo aliweka nukta moja mahali pasipostahili, ili jaribio la kuangalia kinga fulani lishindwe daima na kinga isiwashwe. Nukta moja. Kwa bwana wangu, kila jaribio lililojibiwa "no" lina sababu, na sababu huandikwa kwenye faili la config.log, ambalo configure hulitunza kwa uaminifu na ambalo sisi, badala ya kulisoma, tunapiga picha mstari wa mwisho wa skrini na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp tukiuliza, "Jamani, hii ni nini?"

Basi ukimwita, mpe nafasi. Kwenye Celeron ya zamani unaweza kuweka sombe jikoni na kurudi ukamkuta bado anauliza. Akiridhika hakupongezi, anasema ameunda Makefile, ananyamaza, na zamu inakuwa ya make, anayechukua saa nzima, anayepasha moto mashine mpaka feni ilie, na anayekufa kwenye asilimia tisini gurupu inapozimwa. Huyo naye anahitaji wa kumsifu, lakini atafutwe mtu mwingine.